Ukinyimwa Viza ya Masomo, Kwanza Hesabu Siku

Mwenyekiti kanipa dakika chache, naingia moja kwa moja.

Hapa Songea mtu akinyimwa viza ya masomo tunasema bahati haikuwepo. Anaomba tena kwa karatasi zile zile, ada inaliwa mara ya pili. Mimi nasema soma barua. Kukataliwa ni uamuzi wa afisa, na uamuzi wa afisa unaweza kupingwa.

Chukueni Kanada. Ukikataliwa ukiwa huku nyumbani, una siku 60 tangu upate taarifa kuomba Mahakama ya Shirikisho ikuruhusu kuupinga uamuzi. Ada ya mahakama ni dola 50 za kwao. Kinachouma ni wakili. Tangu kesi ya Vavilov ya 2019, sababu za afisa lazima zieleweke na ziendane na vielelezo ulivyompa. Na ile sababu maarufu, kwamba hujawahi kusafiri nje? Majaji wa mahakama hiyo wameshasema mara kadhaa kwamba hiyo peke yake haithibitishi kuwa hutarudi kwenu. Kijana wa Mbinga ambaye safari yake ndefu ni basi la Dar, mihuri ya pasipoti aitoe wapi?

Ila msidanganyike, jaji hakupi viza. Ukishinda, faili linarudi kwa afisa mwingine, na muhula unaweza kuwa umeshakupita. Uingereza una siku 28 kuomba uamuzi upitiwe upya, lakini anayepitia ni wizara ile ile. Marekani ndo kugumu kabisa: mahakama haziingilii uamuzi wa afisa wa ubalozi. Juni 2024, kwenye kesi ya Muñoz, Mahakama ya Juu ilirudia hivyo hivyo hata pale mke, raia wao, alipodai sababu za mumewe kunyimwa viza.

Mtauliza, siasa iko wapi hapo? Ibara ya 13(6)(a) ya Katiba yetu inatupa haki ya kusikilizwa na kukata rufani. Kanuni za 2014 zinatoa miezi 6 kuomba kibali cha Mahakama Kuu kupinga uamuzi wa ofisi ya umma, na Mahakama Kuu ina masjala hapa hapa mjini. Sisi mkutano ukizuiwa tunaishia kulalamika WhatsApp! Hata sababu kwa maandishi hatudai.

Mwenye barua ya kukataliwa, abaki baada ya kikao. Tutaanza na tarehe iliyoandikwa juu.