Pipa Moja la Unga

Somo: 1 Wafalme 17:8-16

Kama Biblia iko karibu nawe, ifungue katika kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 17, kuanzia mstari wa 8. Kama mikono yako imeshika kazi, unawasha moto au unawatayarisha watoto, basi sikiliza tu, nami nitakusimulia.

Mvua ilikuwa imekatika katika nchi ya Israeli. Nabii Eliya alikuwa amemwambia mfalme Ahabu neno lisilompendeza, na sasa ilimpasa kujificha. Kwanza alikaa penye kijito cha Kerithi, na kunguru wakamletea chakula. Kijito kilipokauka, Mungu alimwambia aende Sarepta, katika nchi ya Sidoni. Basi Eliya akawa kama watu wengi wa siku zetu: mtu asiyeweza kukaa kwao, amevuka mpaka mikono mitupu, anaomba maji ya kunywa kwa watu asiowajua.

Lakini angalia, ndugu, ni nani aliyechaguliwa kumpokea. Si mfalme wa Sidoni. Si mfanya biashara mwenye ghala. Ni mjane aliyekuwa akiokota kuni penye lango la mji. Nyumbani mwake ulikuwa umebaki unga kidogo pipani na mafuta kidogo chupani. Alikuwa amekwisha kukata shauri kwamba yeye na mwanawe watapika mara moja tu, wale, kisha wangoje kufa. Kwa mama huyo ndiko mgeni alikotumwa.

Nikisoma habari hii nawakumbuka ndugu zetu wa Turkana na Garissa. Serikali ya Somalia ilipoanguka mwaka 1991, maelfu ya watu walivuka mpaka wakafika Dadaab. Mwaka 1992 wakaja Kakuma vijana wa Sudan waliokuwa wamekimbia kutoka nchi hata nchi kwa miguu, wengi wao wakiwa watoto wasio na wazazi. Kambi za kwanza za Dadaab zilikusudiwa watu wapatao 90,000. Ilipokuja ile njaa ya mwaka 2011, walikuwa wamepita 400,000. Wageni hawa hawakupelekwa penye mashamba mabichi ya chai. Walipelekwa penye jua kali, mahali ambapo mwenyeji mwenyewe huchimba mchanga wa mto mkavu ili apate maji ya mbuzi wake.

Wala si Kenya peke yake. Karibu robo tatu ya wakimbizi wote duniani wanakaa katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Mpaka leo mgeni hutumwa kwa mjane.

Tena, malori ya msaada yalipokuja, kwa miaka mingi mengi yake yalipita mbele ya mlango wa mwenyeji yakaenda kambini. Mgeni alikuwa na kadi ya mgao, mwenyeji hakuwa nayo. Basi mama Mturkana akakata kuni, akachoma makaa, akayabeba kichwani hata kambini ili ayabadilishe kwa unga au mahindi. Mkimbizi naye akatoa sehemu ya mgao wake, uliokuwa haumtoshi, ili apate moto wa kuupikia uliobaki. Maskini wawili wakaanza kutazamana kwa jicho baya, na miti ikazidi kupungua. Mmoja akasema, "Hawa wanalishwa na dunia nzima, na sisi tunakufa njaa." Mwingine akasema, "Watu hawa hawatupendi." Je, hujapata kuyasikia maneno hayo? Hujapata kuyasema?

Sasa rudi Sarepta uone jinsi Mungu alivyofanya. Angeweza kuwaita wale kunguru tena. Wangetua mlangoni kila asubuhi, wampe Eliya mkate na nyama, na mjane akitazama na mtoto akilia. Hakufanya hivyo. Alilibariki pipa la mwenyeji, na kutoka pipa hilo moja wakala mgeni, mama na mtoto, siku nyingi. Msaada wa Mungu haukumwokoa Eliya kwa kumpita mjane.

Mataifa hayakukosa kulijua jambo hili. Mapatano ya mwaka 1951 juu ya wakimbizi yalikiri tangu mwanzo kwamba kupokea wakimbizi kwaweza kuielemea nchi moja kupita kiasi, na kwamba hapana njia ila mataifa kushirikiana. Mwaka 1984 yalikutana Geneva kwa ajili ya wakimbizi wa Afrika, wakasema wazi kwamba nchi inayowapokea nayo isaidiwe. Desemba 2018 Umoja wa Mataifa ukakubali mapatano mengine, na neno likawa lile lile: mzigo ugawanywe. Hapa kwetu makao ya Kalobeyei, karibu na Kakuma, yalifunguliwa mwaka 2016 ili mkimbizi na Mturkana watumie shule moja, zahanati moja na soko moja. Machi 2025 serikali yetu ilizindua Mpango wa Shirika, wenye nia ya kuzigeuza kambi ziwe makao ya wote.

Ni maneno mema, na nia njema. Lakini sisi Wakenya tunaijua harambee. Twajua jinsi mtu asimamavyo, atangaze ahadi kubwa, apigiwe makofi, na mweka hazina amtafute mwaka mzima. Ahadi za mataifa nazo zimekuwa hivyo mara nyingi. Mwaka huo huo wa 2025, fedha za wafadhili zilipungua, na mgao wa chakula Kakuma na Dadaab ukakatwa sana. Pipa moja, na mikono iliyoahidi kulijaza ikarudi nyuma.

Kabla hatujawanyoshea wengine kidole, tusome 2 Wakorintho 8. Paulo alikuwa akikusanya msaada kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu. Wakorintho, waliokuwa na mali, walianza kuchanga mwaka uliotangulia, wakaishia njiani. Watu wa Makedonia, waliokuwa maskini sana, walitoa kupita uwezo wao. Paulo awaambia Wakorintho wamalize walichokianza. Hataki wengine wastarehe na wengine waelemewe, bali pawe na usawa: leo kilichowazidi ninyi kifunike upungufu wao, na kesho chao kifunike upungufu wenu. Neno hilo ni la mataifa tajiri. Ni letu pia, tuliojaza kadi za ahadi kanisani na kuzisahau ndani ya kitabu cha nyimbo.

Wazee wetu husema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wageni wetu wamepita miaka 30. Waliozaliwa kambini nao wamezaa. Kwa muda mwingi wa miaka hiyo hawakuruhusiwa kutoka kambini bila kibali, na kupata ruhusa ya kazi kulikuwa kugumu mno. Tuliwalaumu kwa kukaa bure, na jembe tumelificha sisi. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2021 ilianza kuufungua mlango huo. Tusiwe sisi Wakristo wa kuusukuma ufungwe.

Basi, ndugu yangu, juma hili fanya mambo mawili. La kwanza, uchunge ulimi wako. Usimtukane mkimbizi, wala usimdharau mwenyeji anayenung'unika kwa njaa. La pili, kanisa lako likichanga kwa ajili ya wakimbizi, uliza kama na jirani wa kambi amekumbukwa. Likichanga kwa ajili ya ukame wa Turkana, uliza kama mgeni aliyeko huko amekumbukwa. Na ulichoahidi, kimalize.

Yule mjane hakungoja pipa lijae ndipo atoe. Alitoa wakati chini ya pipa palionekana.

Na tuombe. Ee Bwana, wewe uliyekimbilia Misri ukiwa mtoto, wakumbuke waliolala usiku huu katika nchi isiyo yao, uwakumbuke na waliowapokea hali wao wenyewe hawana. Uilainishe mioyo ya wenye nguvu, watimize walichoahidi. Anza na sisi. Kwa jina la Yesu. Amina.