Chura wa Kihansi katika Kasha la Kioo

Maelezo yaliyotolewa mbele ya makatibu na wajumbe wa vyama vya msingi, Kilolo



Mwishoni mwa mwaka 2000, vyura 499 walikusanywa katika Korongo la Kihansi, wakapakiwa kwa uangalifu mkubwa na kusafirishwa kwa ndege hadi Bustani ya Wanyama ya Bronx, jijini New York. Mto Kihansi hukusanya maji yake katika milima hii ya Udzungwa, katika vijito vya Kilolo na Mufindi, kisha huporomoka ukutani kuelekea bonde la Kilombero. Vyura hao hawakuwa wakubwa wa kutisha wala watamu wa kuliwa. Dume huwa na urefu wa milimeta zisizofika 20, na jike humzidi kidogo; rangi yao ni manjano iliyokolea. Jambo la ajabu ni kwamba jike hatagi mayai majini kama vyura wengine, bali huzaa watoto waliokwisha kukamilika, kila mmoja akiwa mdogo mithili ya kichwa cha kiberiti.

Wataalamu walimwona chura huyo kwa mara ya kwanza mwaka 1996, ujenzi wa bwawa la umeme la Kihansi ukiwa umekwisha kuanza. Makao yake yote duniani yalikuwa eneo lisilofika hekta mbili, chini ya maporomoko, mahali ambapo manyunyu ya maji yaliangukia majani na mawe usiku na mchana, mwaka mzima. Bwawa lilipokamilika, sehemu kubwa ya mto iliingizwa katika handaki ili izungushe mitambo yenye uwezo wa megawati 180. Taifa lilikuwa na haja kubwa ya umeme huo, na asingekuwa mtu wa haki yule ambaye angewataka wananchi wakae gizani kwa sababu ya chura. Lakini maji yalipoondoka, manyunyu nayo yalikoma. Ndipo ikaamuliwa mambo mawili: kutandaza mabomba ya kunyunyiza maji korongoni ili kuiga maporomoko, na kuwapeleka vyura wachache mbali, wakatunzwe ndani ya makasha ya vioo iwapo lolote litatokea.

Hapo ndipo linapoanza somo la mazungumzo haya, maana kumtunza kiumbe wa maji ndani ya kioo ni kazi ngumu kuliko anavyodhani mtu anayeitazama kwa nje.

Miaka ya kwanza ilikuwa ya msiba. Vyura waligawanywa katika bustani kadhaa za Marekani, nao wakafa mfululizo kwa minyoo ya mapafu, kwa maambukizo na kwa upungufu wa lishe. Kufikia Desemba 2005 walikuwa wamebaki pungufu ya 70, katika bustani mbili tu, ile ya Bronx na ile ya Toledo. Watunzaji walikuwa watu hodari, wenye fedha na maabara. Kilichowapungukia kilikuwa ujuzi wa mahitaji ya kiumbe ambaye hakuna mtu aliyewahi kumfuga kabla yao. Ilibidi wajifunze moja baada ya jingine: chakula cha wadudu wadogo sana waliopakwa unga wa vitamini na chokaa ya mifupa, maji yaliyochujwa, manyunyu yanayotoka kwa saa maalumu, na mwanga.

Kwanza ichukuliwe nafasi. Wengi hufikiri kasha dogo ni rahisi kulitunza kwa kuwa lina maji machache. Ukweli ni kinyume chake. Maji machache hupata joto upesi na kupoa upesi. Uchafu wa kiumbe mmoja huyaharibu yote kwa siku moja. Mtunzaji akisahau asubuhi, jioni hukuta maiti. Maji mengi hubadilika polepole, nayo humpa mtu muda wa kulitambua kosa na kulirekebisha. Kadhalika kasha refu huweza kuwa na upande wenye unyevu mwingi na upande ulio mkavu kidogo, upande wenye mwanga na upande wa kivuli, na chura mwenyewe akachagua pa kukaa. Katika kasha dogo hana la kuchagua. Hata hivyo ukubwa una gharama zake, wala haifai kuzificha. Kasha lenye urefu wa sentimeta 100, upana wa 50 na kimo cha 50 hubeba lita 250, yaani uzito wa kilo 250 za maji peke yake, mbali na kioo, mawe na mchanga. Meza ya kawaida haiwezi kuuhimili mzigo huo.

Mwanga ndio uliowasumbua watu kuliko yote. Jua lina mionzi inayoonekana kwa macho, na lina mionzi ya urujuanimno isiyoonekana. Mionzi hii ya pili ndiyo huiwezesha ngozi ya wanyama wengi kutengeneza vitamini D, na pasipo vitamini hiyo mifupa hulegea hata kama chokaa imejaa katika chakula. Chura wa Kihansi ameishi miaka isiyohesabika katika korongo lililo wazi, ambako jua hupenya kati ya manyunyu. Kumweka chini ya taa ya nyumbani ni sawa na kumfungia ghalani. Kwa hiyo taa maalumu zenye urujuanimno zikawa sehemu ya matunzo yake.

Lakini taa hizo zina hila zake. Kioo cha kawaida huzuia sehemu kubwa ya urujuanimno unaohitajika, hata kasha likionekana kung'aa vizuri. Basi taa iliyowekwa juu ya kifuniko cha kioo huenda ikawa pambo tu. Tena nguvu ya mwanga hupungua upesi kadiri taa inavyoondolewa mbali: balbu ikiinuliwa mara mbili ya umbali wake wa awali, mwanga unaofika chini huwa karibu robo tu. Tatu, taa huzeeka. Baada ya miezi kadhaa urujuanimno hufifia, ilhali nuru inayoonekana ingali ile ile, na mtu anayetegemea macho yake hawezi kujua. Hapana budi kutumia kipimo, au angalau kuandika tarehe ya kufunga taa na kuibadilisha kwa wakati. Makatibu waliozoea leja wataliona jambo hilo kuwa dogo. Waliokuwa wakipoteza vyura hawakuliona hivyo.

Wapo wanaofuga matumbawe ya baharini katika makasha ya namna hii, na kwao suala la taa ni zito zaidi. Tumbawe ni mnyama, lakini ndani ya mwili wake huishi mimea midogo mno inayotumia mwanga kutengeneza chakula, na sehemu kubwa ya chakula hicho humlisha mwenyeji wao. Taa ikiwa hafifu, tumbawe hufa njaa. Ikiwa kali kupita kiasi, au maji yakipata joto, mimea ile hutoka na tumbawe hubaki jeupe. Ndivyo ilivyotokea mwaka 1998, bahari ilipopata joto lisilo la kawaida na matumbawe mengi ya Mafia yakafa. Anayenunua kasha la matumbawe hununua taa kwanza na kioo baadaye, akikumbuka kwamba kasha lenye kina kirefu hudai taa yenye nguvu zaidi ili nuru ifike chini. Maji hunyonya mwanga, kwanza ule mwekundu, na wa buluu ndio unaozama mbali. Maji yanapopungua kwa kukauka huongezewa maji baridi, si ya chumvi, kwa sababu chumvi haiendi na mvuke.

Pengine ataulizwa mtu wa Kilolo, matumbawe yanamhusu nini, naye yuko milimani penye baridi. Maji ya Kihansi huingia Kilombero, Kilombero huingia Rufiji, na Rufiji humwaga maji yake baharini mkabala na kisiwa cha Mafia. Maji ya Mto Lukosi nayo hufika huko huko kwa njia ya Ruaha Mkuu. Udongo unaochukuliwa na mvua kutoka shamba lisilo na makinga-maji hulitia bahari tope, na tope huzuia mwanga kama pazia lililowekwa mbele ya taa.

Yafaa sasa kurudi korongoni. Mabomba ya manyunyu yalianza kazi na vyura wakaongezeka. Mwezi Juni 2003 walikadiriwa kufika karibu 21,000. Kisha, katika muda wa miezi michache tu, wakatoweka. Januari 2004 walionekana watatu, na sauti za madume wawili zikasikika. Uchunguzi uliwakuta na ugonjwa wa kuvu unaoshambulia ngozi ya vyura, ambao umeua jamii nyingi za vyura ulimwenguni. Ilishukiwa pia kwamba tope lililofunguliwa kutoka bwawani mwaka 2003 lilikuwa na mabaki ya dawa za kuulia wadudu zilizotoka mashamba ya juu. Kuvu ndilo linalotajwa zaidi, lakini shaka juu ya dawa haikuwa ya mzaha, kwa kuwa chura hunywa na kuvuta hewa kwa ngozi yake.

Mwaka 2009 chura huyo alitangazwa kuwa ametoweka porini. Asingekuwapo popote leo kama si yale makasha ya vioo, ambamo idadi yake ilikuwa imekwisha kupanda hadi maelfu. Agosti 2010 vyura 100 walirudishwa nchini na kuwekwa katika kituo kilichotayarishwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na kuanzia mwaka 2012 kundi baada ya kundi limerudishwa Kihansi. Ni nadra sana mnyama wa jamii hii, akiisha kutoweka porini, kurejeshwa kwao.

Sasa kuna lile ambalo baadhi ya wanachama wamekuwa wakilisema kwa sauti ya chini. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya meta 60 kutoka ukingo wa mto. Vinyungu viko pale pale. Kinyungu ndicho kinacholeta mahindi mabichi, maharage na mboga wakati wa kiangazi, ndicho kinacholipa ada za watoto, na mkulima anayeambiwa aondoke anastahili kuuliza atakula nini. Swali hilo ni la haki, na halijibiwi kwa kumwonyesha picha ya chura. Linajibiwa pale chama kinapomtafutia mbegu ya kupanda mlimani, kinapompimia ardhi nyingine, kinapokaa na serikali ya kijiji na bwana shamba kabla mtu hajang'olewa, si baada ya hapo. Kwa upande wa pili, mikaratusi iliyopandwa kwenye chemchemi hainywi maji kidogo kuliko kinyungu, na mara nyingi mwenye mikaratusi haguswi kwa sababu ana uwezo. Vyama vina wajibu wa kulisema hilo pia katika vikao.

Yako mambo ambayo hayangoji kikao. Bomba la kupulizia dawa lisioshwe kijitoni. Maji ya kulioshea yamwagwe shambani, mbali na mto. Chupa tupu za dawa zisitumiwe kuchotea maji wala kutupwa mtoni, bali zirudishwe ghalani. Wanachama wanaopata vibarua vya kuwasindikiza wageni korongoni waoshe viatu kwa dawa kama wanavyoelekezwa, kwa kuwa vimelea vya kuvu husafiri katika tope la soli. Na katika daftari la ghala la pembejeo, kila katibu aongeze safu moja karibu na jina la mnunuzi wa dawa: jina la kijito kilicho karibu na shamba lake.