Somo la Redio: Chakula cha Mchana cha Mtama, Boga na Zabibu

Kaeni mahali penye mwanga, mpate kuuona ubao na karatasi hii mliyoishika. Aliyekuja na mtoto akae naye, hakuna atakayemfukuza.

Kwanza mwalimu wa darasa aandike ubaoni maneno haya 4 kwa herufi kubwa: MTAMA. BOGA. ZABIBU. UBUYU. Someni pamoja, polepole. Haya, someni tena. Vyema. Maneno hayo ndiyo somo letu, na vitu hivyo 4 ndivyo chakula chetu cha leo.

Nitatoa mfano wangu katika mkoa wa Dodoma. Huko mvua huanza mwezi wa Desemba na kwisha mwezi wa Aprili. Mvua zikiisha, maboga yamekomaa shambani, na mtama unangoja kuvunwa. Kisha huingia kipupwe, siku za baridi na upepo. Watu hukata masuke, huyaanika, huyapura na kupepeta. Kazi ni nyingi, na kila mtu ana furaha kwa kuwa ghalani mna kitu.

Lakini itazameni nyumba moja katika siku hizo za furaha. Mama huondoka alfajiri baada ya kunywa chai kavu. Watoto humfuata. Kutwa nzima wako kiwanjani wakipura mtama, na hapana moto wa kupikia. Hurudi jioni, na usiku ndipo wanapokula ugali. Basi watu hao wameshinda na njaa huku wamekalia magunia ya chakula! Na maboga yao? Wameyapanga kando ya barabara, wayauze kwa bei ndogo, ili wanunue mchele na maandazi. Wengine husema, "Mtama ni chakula cha shida." Ndugu zangu, hilo ni kosa, na wanaolipa deni la kosa hilo ni watoto.

Sikilizeni sababu. Chakula kina kazi 3 mwilini. Kazi ya kwanza ni kutia nguvu, na hiyo hufanywa na mtama, mafuta na zabibu. Kazi ya pili ni kujenga mwili, na hiyo hufanywa na kunde na karanga. Kazi ya tatu ni kulinda mwili, na hiyo hufanywa na boga na ubuyu. Boga lenye nyama ya rangi ya machungwa hulipa mwili vitamini A. Mtoto akikosa vitamini A kwa muda mrefu, haoni vizuri giza linapoingia. Hujikwaa, hupapasa ukuta, na watu humcheka, kumbe ni ugonjwa. Ukiachwa uendelee, macho yaweza kupofuka kabisa. Ukimwona mtoto wa namna hiyo, usingoje chakula kimponye. Mpeleke kituo cha afya siku ile ile. Tena kumbukeni kuwapeleka watoto wa miezi 6 hadi miaka 5 wakapewe matone ya vitamini A, ambayo hapa Tanzania hutolewa mara 2 kwa mwaka.

Sasa tupike. Chakula hiki huliwa baridi, kama kachumbari, nacho hushibisha kama ugali. Someni pamoja nami orodha ya vitu vya kutosha watu 6:

Mtama mweupe, vikombe 2.
Kunde, kikombe 1.
Boga, kipande cha kilo 1.
Karanga, nusu kikombe.
Zabibu kavu, nusu kikombe.
Unga wa ubuyu, vijiko 3 vya chakula.
Mafuta ya alizeti, vijiko 4 vya chakula.
Kitunguu 1.
Chumvi, kijiko 1 cha chai.

Kazi ya usiku. Chagueni mtama mweupe, kama ule uitwao Macia. Mtama mwekundu wa pombe una uchungu, na uchungu huo huuzuia mwili kupata faida yote ya chakula. Upepeteni mtama, toeni mawe, uosheni. Uloweke katika maji mengi usiku kucha. Kunde nazo zilowekwe peke yake. Asiyeloweka atachoma kuni nyingi bure.

Kazi ya alfajiri. Washeni moto saa 11. Mwageni maji ya kulowekea. Tieni mtama katika sufuria pamoja na maji safi vikombe 6, uchemke polepole kwa muda wa saa 1 hivi. Chukueni punje moja, iumeni. Ikiwa laini nayo bado ina umbo lake, mtama umeiva. Hatutaki uji, twataka punje. Mwageni maji yaliyobaki. Kunde zichemshwe katika sufuria nyingine mpaka zilainike, na chumvi itiwe mwishoni.

Wakati mtama uko motoni, lishughulikieni boga. Likateni vipande vya ukubwa wa nusu kiganja. Msilimenye, ganda hulishika lisivunjike. Lipakeni mafuta kijiko 1 na chumvi kidogo. Lipangeni ndani ya sufuria pana, funikeni, kisha palieni moto, makaa kidogo chini na makaa mengi juu ya kifuniko, kama mnavyooka mkate. Baada ya nusu saa funueni. Boga likiwa laini na kingo zake zimekuwa kahawia, tayari. Boga la kuchemshwa hunywa maji. Boga la kuokwa hukauka, na utamu wake huzidi. Likipoa, toeni ganda. Mbegu zake msizitupe: zikaangeni kwa chumvi, zina mafuta na zinajenga mwili.

Sasa vitu vya mwisho. Osheni zabibu, zilowekeni katika maji ya moto kidogo kwa dakika 10 zivimbe. Dodoma ni nchi ya zabibu, na mizabibu yake huzaa mara 2 kwa mwaka. Mkulima ambaye hakupata mnunuzi asiziache zikaoza. Azianike juu ya kichanja, juu ya kitambaa safi, na kuzifunika kwa chandarua nzi wasitue. Usiku aziingize ndani. Zikisinyaa na kuwa ngumu kidogo, azitie katika chombo chenye kifuniko. Asiye na zabibu atumie embe kavu au tende.

Karanga zikaangeni, kisha zitwangeni kidogo. Hapa nasimama kidogo. Mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, watu walikufa kwa kula mahindi yaliyokuwa na sumukuvu. Sumu hiyo hutoka katika ukungu, nayo huingia katika karanga pia. Kupika hakuiondoi. Basi karanga iliyosinyaa, iliyobadilika rangi, au yenye uchungu, itupwe. Msiiweke kando kwa ajili ya kuku, wala kwa ajili ya kusaga unga.

Mtama na kunde zikiisha kuiva, zitandazeni juu ya sinia safi, zipoe upesi. Zikiachwa katika sufuria zitakaa na joto, na vijidudu hupenda joto hilo. Katika bakuli dogo korogeni unga wa ubuyu kwa maji safi ya kunywa nusu kikombe. Ongezeni mafuta yaliyobaki, chumvi, na kitunguu kilichokatwa vidogo. Ubuyu msiuchemshe, maana moto huharibu vitamini C yake. Mwageni mchuzi huo mchachu juu ya mtama. Tieni kunde, boga, zabibu na karanga. Geuzeni kwa mwiko taratibu, boga lisipondeke. Onjeni. Mtasikia uchachu kwanza, kisha utamu wa boga na zabibu, kisha karanga chini ya meno.

Je, mafuta na ubuyu ni vya ladha tu? Hapana. Vitamini A ya boga haiingii vizuri mwilini pasipo mafuta. Madini ya chuma yaliyomo katika mtama na kunde, ambayo huongeza damu, huingia kwa shida. Lakini uchachu wa ubuyu au ndimu huyasaidia kuingia. Chai huyazuia. Basi kunyweni maji pamoja na chakula hiki, na chai ingoje saa 1 au zaidi. Mnaona? Boga peke yake, mtama peke yake, kila kimoja hufanya kazi nusu. Vikiliwa pamoja, kimoja humshika mwenzake mkono. Wazee walisema, kidole kimoja hakivunji chawa.

Sasa maonyo 3, yasomeni kwa sauti.

La kwanza: Chakula hiki kitiwe katika bakuli safi lenye kifuniko, kiwekwe kivulini, na kiliwe kufika saa 6 mchana. Kinachobaki msikilaze mpaka kesho. Nafaka iliyopikwa ikikaa, yaweza kuwa na sumu ambayo hata ikipashwa moto haitoki.

La pili: Mtoto mdogo asipewe karanga nzima wala zabibu nzima, zaweza kumkaba koo. Mpondeeni chakula chake chote. Na mtoto asiyetimiza miezi 6 ananyonya maziwa ya mama tu.

La tatu: Aliyeko kiwanjani anawe mikono kwa maji na sabuni kabla ya kula. Chukueni dumu la maji mnapochukua bakuli.

Neno moja juu ya akiba. Msiuze maboga yote. Chagueni yaliyokomaa, yale ambayo ukucha hautoboi ganda lake. Yakateni pamoja na kikonyo, kwa sababu boga lisilo na kikonyo huanza kuoza pale pale. Yaacheni juani siku chache ganda likauke, kisha yawekeni mahali pakavu penye upepo, yasigusane. Boga lililotunzwa hivyo hukaa miezi. Hesabuni wiki zilizobaki mpaka kipupwe kiishe, wekeni boga 1 kwa kila wiki, ndipo mtakapojua mangapi ya kuuza.

Haya, kalamu mkononi. Jibuni maswali haya katika madaftari yenu:

1. Kwa nini tunaloweka mtama usiku?
2. Boga hulinda nini katika mwili wa mtoto?
3. Kwa nini tunatia mafuta? Kwa nini tunatia ubuyu?
4. Watu 6 hutumia mtama vikombe 2. Watu 15 watatumia vikombe vingapi?
5. Andika orodha ya vyakula vilivyomo nyumbani mwako leo. Weka alama kwenye vile ambavyo ulikusudia kuviuza.

Swali la 5 halina jibu ubaoni. Jibu lake liko ghalani kwako. Nendeni nalo nyumbani, lisomeni mbele ya mume au mke, na watoto walisikie. Mtu aliyejifunza kuandika "boga" darasani asiache mwanawe akashinda na njaa karibu na boga.

Saa yetu imekwisha.