NANI ANASEMA "KARIBU"? VIBAO VYA VIJIJI NA MICHORO YA WATOTO WETU

Hotuba kwa walimu, wazazi na viongozi wa vijiji



Nimeombwa kuzungumza juu ya jambo linaloonekana dogo: kibao cha kuwakaribisha wageni kijijini, kitakachopambwa kwa michoro ya watoto wa shule ya msingi. Huenda wapo miongoni mwetu wanaojiuliza kwa nini semina ya haki na amani ishughulike na rangi na mabati. Jibu langu ni kwamba neno "karibu" lina uzito katika desturi zetu. Apigaye hodi haingii mpaka aitikiwe. Na akishaitikiwa, mwenye nyumba amejifunga kumpokea. Kijiji kinacholiandika neno hilo kando ya barabara kimejifunga vivyo hivyo, mbele ya kila apitaye.

Basi yatupasa kuuliza: ni nani anayelisema neno hilo kwa niaba ya kijiji? Na je, wote wanaoishi nyuma ya kibao wamekwisha kukaribishwa?

Swali hili si la nadharia. Mnamo Desemba 2000, huko Rudewa wilayani Kilosa, wakulima 38 waliuawa katika mgogoro baina ya wakulima na wafugaji. Vijiji vingi vya nchi yetu vina makundi hayo mawili, na vinajua jinsi ugomvi wa shamba, maji na njia ya mifugo unavyoanza. Kibao hakigawi ardhi wala hakichimbi kisima, na asiwepo wa kudanganyika kwamba rangi itafanya kazi ya baraza la ardhi. Lakini kibao chenye jembe na muhindi peke yake humwambia mtoto wa mfugaji, kila asubuhi aendapo shule, kwamba hapa si kwao. Kibao chenye ng'ombe peke yake humwambia mtoto wa mkulima hivyo hivyo. Dharau huanza kwa mambo madogo, na heshima pia.

Kuwapa watoto kazi hii si kuwapa mchezo. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991, unamtambulia mtoto haki ya kusikilizwa katika mambo yanayomhusu, na haki ya kutoa mawazo yake kwa maneno, kwa maandishi au kwa sanaa. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 nayo inalinda haki ya mtoto kutoa maoni. Kwa hiyo tukiwaomba watoto wachore kijiji chao, tujue tumewauliza swali. Na aliyeulizwa swali hustahili kusikilizwa jibu lake.

Ili kazi hii ifanyike kwa haki, napendekeza mambo sita.

Kwanza, watoto wote wachore. Asichaguliwe tu yule mwenye mkono mwepesi, wala mtoto wa mjumbe. Wafuatwe pia watoto wenye ulemavu, na wale walioko malishoni ambao hawamo katika rejista ya shule. Swali la kuwapa liwe rahisi: "Ungependa mgeni ajue nini juu ya kwetu?"

Pili, uchaguzi uwe wa wazi. Michoro itundikwe ukutani bila majina, na chini ya kila mmoja uwekwe mkebe. Kila mtoto na kila kaya itie punje moja ya muhindi katika mkebe inaoupenda, kisha punje zihesabiwe mbele ya wote. Palipo na makundi mawili, wakubaliane mapema kwamba kibao cha upande mmoja wa kijiji kitatokana na mchoro wa watoto wa kundi moja, na cha upande wa pili na wa kundi jingine, ili wingi wa kura usigeuke kuwa ubabe.

Tatu, mchoro usisahihishwe. Mtoto akichora mwalimu mrefu kuliko mwembe, abaki hivyo. Njia ya kuukuza ni miraba. Mchoro wa sentimita 20 kwa 30 ukigawanywa katika miraba ya sentimita 2, na bati bapa la mita 1.2 kwa mita 1.8 likagawanywa katika miraba ya sentimita 12, kila upande utapata miraba 150, na fundi atahamisha mraba mmoja mmoja bila kuongeza lake. Vifaa si vya ajabu. Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 alitumia vipande vya hadibodi na rangi za kawaida za dukani. Ila kwa kibao cha nje tuchague bati, kwa maana hadibodi huvimba kwa mvua; nalo bati lipakwe kwanza rangi ya kuzuia kutu.

Nne, mchoraji atambuliwe. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, mchoraji Friedl Dicker-Brandeis alifungwa na Wanazi katika geto la Terezín, katika nchi ambayo leo ni Jamhuri ya Cheki. Humo aliwafundisha kuchora watoto wa Kiyahudi waliofungwa pamoja naye, akawahimiza waandike majina yao kwenye michoro. Oktoba 1944 alipelekwa Auschwitz, akauawa. Wengi wa watoto wale pia waliuawa. Michoro ipatayo 4,500 ilisalimika, nayo imehifadhiwa katika Makumbusho ya Kiyahudi ya Prague. Na kwa sababu ya majina yale, watoto wengi wanajulikana hata leo. Sisi tunaishi kwa amani, lakini funzo ni lilo hilo. Kwa usalama wa mtoto, barabarani liandikwe jina lake la kwanza na darasa; jina kamili likae katika kitabu cha kijiji. Tena, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 haimbagui msanii kwa umri: mchoro ni mali ya mtoto, na mzazi aombwe ridhaa kwa maandishi.

Tano, kibao kisinunuliwe. Mfanyabiashara akitoa rangi, ashukuriwe mkutanoni. Tangazo lake lisikae juu ya neno la watoto.

Sita, sheria za barabara zifuatwe. Hifadhi ya barabara kuu ina upana wa mita 60, yaani mita 30 kila upande kutoka katikati. Kabla ya kuchimba shimo la nguzo, kibali kiombwe TANROADS, au TARURA kwa barabara za wilaya. Kumbukeni pia kwamba gari liendalo kilometa 50 kwa saa hupita takribani mita 14 kila sekunde. Dereva hana nafasi ya kusoma hotuba. Mchoro mmoja mkubwa, jina la kijiji na neno "Karibu" kwa herufi za sentimita 15 vyatosha. Michoro iliyobaki ipambe zahanati na ofisi ya kijiji, na kibao kipakwe upya kila baada ya miaka michache kwa mchoro wa watoto wengine.

Ndugu zangu, wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Kijiji kinachojiandaa kumpokea mgeni hulazimika kwanza kutazama wenyeji wake wanavyoishi. Watoto watatuchorea walichokiona. Wakichora kisima kilichozungushiwa miiba, tusiufiche mchoro huo. Tuketi, tuuzungumze, ndipo tuandike "Karibu".



Maswali ya kujadiliana katika vikundi

1. Ni watoto gani katika kijiji chetu ambao hawangefikiwa kama kazi hii ingefanyika shuleni tu?
2. Mtoto akichora jambo linalotuaibisha sisi wazazi, tutafanya nini?
3. Ni kundi gani kijijini petu ambalo bado halijaambiwa "karibu" kwa vitendo?