KUMSIKILIZA MTU MPAKA AMALIZE
(Mazungumzo yaliyotolewa kwenye mkutano wa wanafunzi wa zamani, Gwarama)

Ndugu Mwenyekiti, walimu wetu, na ninyi nyote tuliokula maharage ya bweni pamoja,

Nimeombwa nieleze kazi niliyoishika tangu nilipoweka chaki chini, yaani ushauri nasaha, na hasa ile njia ya saikolojia inayoitwa ya kiutu. Sitawachosha, maana naona masufuria yameanza kufunuliwa.

Mwanzilishi wake mkuu ni Carl Rogers, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1902 na kufariki mwaka 1987. Kwa miaka 12 alishughulika na watoto wenye matatizo katika mji wa Rochester. Huko alikutana na mama mmoja mwenye mtoto mtundu kupindukia. Rogers aliona kiini cha tatizo ni mama kumkataa mwanawe, akajitahidi kumfahamisha hivyo, asifaulu. Wakakubaliana waachie hapo. Mama alipofika mlangoni akageuka, akauliza kama wanapokea na watu wazima. Akarudi kitini, akamwaga habari za ndoa yake, ambazo hazikufanana kabisa na maelezo yake ya awali. Rogers akasikiliza. Hatimaye mama akapata nafuu, na mtoto pia. Kutokana na kisa hicho Rogers alishika kwamba anayejua panapouma ni mwenye jeraha.

Wafuasi wa Freud walichimba mambo yaliyozikwa utotoni. Wengine walisema binadamu hufundishwa kwa thawabu na adhabu. Rogers na mwenzake Abraham Maslow walisema mtu anayo ndani yake nguvu ya kukua. Rogers alitoa mfano wa viazi vilivyowekwa ghalani kwao alipokuwa mtoto: hata gizani vilichipua, machipukizi meupe dhaifu yakinyoosha shingo kuelekea dirishani. Nani hapa hajaona kiazi cha namna hiyo?

Mwaka 1957 aliandika yale yanayotakiwa kwa mshauri. Matatu ndiyo yanayotajwa zaidi: awe mkweli, asivae kinyago cha ukubwa, amthamini mtu bila masharti, aingie katika hali yake na kuiona kwa macho yake. Yeye pia ndiye aliyelieneza neno mteja badala ya mgonjwa, neno ambalo leo mnalisikia katika kliniki zetu. (Mimi hunijia dukani kila nilisikiapo, lakini limeshakaa.)

Najua mzee mmoja hapa ameshaninong'oneza kwamba huo ni uzungu. Kwetu Buha kijana huja kwa mzee ili aambiwe. Nakubali nusu. Mtu akiniuliza dawa au sheria, namwambia waziwazi, sizunguki. Na mwenye njaa simkalishi kitini. Maslow mwenyewe, katika makala yake ya mwaka 1943, alitanguliza chakula na usalama. Lakini mzee mwenye busara, kabla ya kutoa neno, huuliza, hunyamaza, huuliza tena. Sisi tumechukua lile neno tu, kunyamaza tukakuacha.

Nitoe mfano. Katika shule moja, ambayo sitaitaja, kijana wa kidato cha pili alikuwa akitoroka kila Alhamisi. Alichapwa, akaandikishwa ahadi, akatoroka tena. Barua ya kumfukuza ilikwisha chapwa nayo. Nikaombwa nizungumze naye. Siku ya kwanza alitazama sakafu. Nikamwambia sina haraka, na kwamba akitaka kunyamaza, tutanyamaza wote. Siku ya tatu akasema: "Mwalimu, Alhamisi ni gulio." Mama alikuwa mgonjwa, baba yuko Tabora kwenye tumbaku, na yeye ndiye aliyebeba mihogo sokoni ili wadogo zake wale. Hakusema mapema kwa kuwa aliona aibu ya baba kutoleta fedha. Nilitamani kumpangia mambo papo hapo! Badala yake nilimwuliza yeye anaonaje. Akamtaja mjomba ambaye hakuwahi kuombwa. Akamwendea mwenyewe. Barua haikutolewa. Mwaka ule alishindwa mtihani, akarudia darasa, na leo yuko kidato cha nne.

Wale waliofanya kazi katika kambi za wakimbizi, Nyarugusu tangu 1996 na Nduta iliyofunguliwa upya 2015, wanajua jambo hili kuliko mimi. Huko wakimbizi wenyewe walifunzwa kuwasikiliza wenzao. Na mimi nilipoongea na Warundi, Kiha changu na Kirundi chao vikielewana, nilisikia mambo ambayo kwa Kiswahili yalikuwa yakielezwa kwa sentensi mbili.

Ndugu Mwenyekiti, kwenye ajenda kuna fedha za chama, na wengi wanataka geti jipya la shule. Geti ni zuri. Mimi naomba ile stoo ya majembe, karibu na mwembe, ipigwe chokaa na kuwekewa viti viwili vinavyolingana urefu na mlango unaofungika. Kwa sasa mwanafunzi mwenye jambo huzungumza na mwalimu wa malezi ndani ya ofisi ya walimu, walimu tisa wakisahihisha madaftari na masikio yakiwa wazi. Seremala wa hapa kijijini ameshapima mlango. Bei yake nimempa mweka hazina.