Usiseme imekufa kabla hujaibebesha mzigo



Wiki hii nina habari ya mjane mmoja wa Wilaya ya Serengeti na kompyuta ya marehemu mumewe. Marehemu alikuwa mweka hazina wa chama cha kuzikana na kukopeshana. Hesabu zote aliziweka katika kompyuta kuukuu ya aina ya AT, yenye diski nzito kama tofali ambayo kompyuta za siku hizi haziwezi kuisoma. Alipofariki, wanachama walianza kunong'ona kwamba fedha zimeliwa. Mama wa watu akaambiwa alete hesabu au alipe.

Kompyuta ikagoma kuwaka. Fundi mmoja wa Mugumu akachomoa pawa saplai, akaiweka mezani peke yake, akaichomeka kwenye umeme. Feni ikashtuka mara moja, kisha kimya.

"Mama, hii imekufa. Niachie nikupe hela ya chuma chakavu."

Mama alikataa. Nilimkuta Tarime mjini, amevuka Mto Mara na boksi lake ndani ya Noah, amekaa kwa fundi mwingine, mzee wa makamo. Huyu alichukua taa mbili za mbele za gari akaziunga kwenye waya za volti 5, na taa ya breki kwenye waya za volti 12. Akawasha. Zile za mbele zikawa nyekundu hafifu, ya breki ikawaka vizuri, na feni ikazunguka bila kusita. Akapima kwa testa: volti zilikuwa sawasawa.

"Mama yangu," akasema, "umewahi kupanda lori tupu kwenye makorongo? Hurukaruka. Lipakie magunia, litatulia."

Ndivyo ilivyo, ndugu msikilizaji. Pawa saplai nyingi za zamani hukata umeme vipande vipande kwa kasi kubwa, huku zikichungulia volti 5 ili zijue ziongeze au zipunguze. Kama hakuna kinachokula umeme, hesabu hiyo huvurugika, volti huyumba, na mlinzi wa ndani huzima kila kitu. Nyingine hazina mlinzi, huungua. Hata IBM walilijua hilo. AT yao ya mwaka 1984, ilipouzwa bila diski ngumu, waliifungia rizista kubwa ya omu 5 mahali pa diski. Rizista hiyo ilikula karibu wati 29 na kutoa joto tu, ili pawa saplai itulie. Huo ndio mzigo bandia.

Sasa fundi alijua ugonjwa uko kwingine. Alichomoa kadi za kompyuta moja moja, na kila mara akawasha. Kadi ya tatu ilipotoka, mashine ikaamka. Kapasita moja ndogo kwenye kadi hiyo ilikuwa imepiga shoti, ndiyo iliyokuwa ikizimisha kila kitu. Diski ikaanza kuvuma, maandishi ya kijani yakajitokeza, na hesabu za marehemu zikapigwa picha kwa simu, ukurasa kwa ukurasa. Fedha hazikuliwa. Ziko kwa waliokopa, majina na tarehe vimeandikwa.

Mama hakusema neno. Alijifuta machoni kwa ncha ya kanga, akauliza bei.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hapa daftari lilikuwapo, ila lilibakiza kidogo tu liuzwe kwa kilo. Enyi mafundi, taa kuukuu za gari hazina gharama. Wekeni mbili tatu mezani. Lakini ziwe zile za waya wa ndani unaoungua, kwani za LED hula umeme kidogo mno. Zinapata moto, zisiguse plastiki. Nawe mwenye mali, usifungue boksi la pawa saplai mwenyewe: humo hubaki umeme wa kuua hata baada ya kuchomoa waya. Kazi yako ni moja. Ukiambiwa imekufa, uliza: "Umeipima ikiwa na mzigo?"

Na wale walionong'ona, wanajua njia ya kwenda kwa mjane kuomba radhi.