Mwili Ukiugua, Tuulizie na Moyo

Hotuba ya Afisa wa Habari wa kaunti kwa wahamasishaji wa afya ya jamii

 

Mimi si daktari. Kazi yangu ni habari. Leo naanza na habari ya nyumbani kwetu. Shangazi yangu anaugua baridi yabisi, ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia viungo vikavimba. Aliacha kwenda chama, akaacha kanisa, akawa mtu wa kulala tu. Sisi jamaa tukasema ni uvivu, tena ana kiburi. Miaka miwili ilipita kabla ya muuguzi mmoja kumwuliza, "Mama, unalala vipi?" Shangazi akalia. Alikuwa na sonona, yaani huzuni nzito isiyoondoka. Tulimkosea.

Ukijikata kidole, huvimba, hupata moto na kuuma. Hiyo ni kinga ikipigana. Kemikali zinazoiamsha husafiri kwenye damu, na ujumbe wake hufika hadi kwenye ubongo. Ndiyo maana mwenye malaria hukosa hamu ya chakula na hataki hata kuongea na watu. Akipona, hali hiyo huisha. Lakini uvimbe wa ndani usipoisha, huenda akabaki hivyo.

Madaktari waliliona jambo hili walipokuwa wakitibu homa ya ini aina ya C kwa sindano za intaferoni, dawa inayochochea kinga. Takriban mgonjwa 1 kati ya 4 alipata sonona akiendelea na matibabu.

Hata hivyo, si kila sonona hutokana na uvimbe. Umaskini, kufiwa na kupigwa nyumbani pia huumiza akili. Wala msimruhusu mtu kununua diklofenaki dukani akidhani itatibu huzuni. Ikitumiwa ovyo hudhuru tumbo na figo.

Ombi langu ni hili: mkitembelea boma lenye mgonjwa wa viungo, kisukari, kifua kikuu au VVU, msiishie kuuliza kama amemeza dawa. Ulizieni usingizi, hamu ya kula, na kama bado anafurahia alichokipenda. Ikiwa amebadilika kwa wiki mbili au zaidi, mwelekezeni kwenye kituo cha afya. Akitaja kujidhuru, msimwache peke yake. Apelekwe hospitalini siku hiyo hiyo.

Shangazi sasa anatibiwa yote mawili. Mwezi uliopita alirudi chamani. Alichelewa, na magoti bado yanamsumbua, lakini alifika.